Tipa Lililomwagia Dereva Wake

6 Februari

Kwako binti yangu Kishindo,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, zikukute mzima kama sisi tulivyo. Kwanza baba yako anakusalimu. Hakusema nikusalimu, alisema tu "mwambie," nami najua maana yake. Bibi yako anakusalimu. Masikio yamezidi kuziba, siku hizi ukimwomba sindano anakuletea sufuria, lakini ulimi wake ni ule ule. Mdogo wako anakusalimu, yuko na masomo yake ya uuguzi, kila akija nyumbani anatupima presha sote, na paka akimwona na ile mashine anapitia dirishani. Fundi viatu wa mlango wa pili anakusalimu, anauliza kama soli aliyokushonea bado inashika. Paka naye yupo. Mimi mama yako sijambo, ila magoti, na hayo si habari mpya.

Baada ya salamu, yule dereva wa lori la mafuta ameleta boksi lako. Mungu ambariki, maana huko kambini kwenu simu hazishiki, bila yeye tungekuwa kama watu waliozikana. Lakini boksi lenyewe lilikuwa kubwa mno. Moyo ulinilipuka, nikasema huyu katuma nguo zake zote, basi kafukuzwa. Nikalifungua upesi. Nakuta mifuko na mifuko ya vitofali vya plastiki, mota, betri, rimoti, na picha ya tipa la njano kubwa kama mtoto wa kutambaa. Na kikaratasi chako: "Zawadi yangu, naomba mnitunzie."

Zawadi ya nini? Nani kakupa? Kama ni mwanamume, ni mwanamume wa aina gani anayempa mwanamke lori?

Nilitaka kuliweka kabatini, pembeni ya ile kengele ya shaba waliyompa baba yako gereji siku ya kumuaga. Akasema hapo hapawekwi michezo. Akaitazama ile picha, akasema, "Gari lisilokula grisi si gari," akageuzia kiti dirishani. Tangu aache kazi huyo ni mtu wa dirisha tu, Kishindo. Anahesabu magari yanayopita na kuyatukana moja moja.

Unakula? Unafunga mkanda ukiwa ndani ya hilo dude? Ile meza ya dirishani sijaweka kitu, cherehani cha pili kipo juu yake kimefunikwa shuka. Siku ukichoka na vumbi, unakuja unakaa tu. Sisemi uchoke.

Nijibu upesi.

Ni mimi mama yako.

*

17 Februari

Mama,

Shikamoo wewe na baba, na bibi shikamoo yake kwa sauti kubwa. Mimi mzima. Soli inashika.

Hakuna mwanamume. Kampuni humpa zawadi dereva aliyemaliza mwaka bila kugonga kitu. Mwaka huu wote waligusa angalau jiwe, isipokuwa mimi. Wakaniita mbele ya watu, wakapiga makofi, wakanipa boksi. Ni mfano wa gari lile lile ninaloendesha. Linatembea, na bodi inainuka na kumwaga kama la kweli.

Hapa sina pa kuliweka. Chumba chetu ni kontena, tunalala wawili, mimi na mpishi, na yeye ana masufuria yake. Mnaweza kuliunganisha. Kijitabu hakina neno hata moja, ni picha tupu, kwa hiyo usiseme hukusoma. Baba akitaka anaweza kukusaidia. Asipotaka, mwache.

Kazi inaendelea. Barabara imefika mlimani.

Kishindo.

*

9 Machi

Kwako Kishindo,

Salamu kutoka kwa baba yako, kutoka kwa bibi yako, kutoka kwa mdogo wako anayesema unywe maji, kutoka kwa fundi viatu, kutoka kwangu. Sote wazima.

Kumbe ni zawadi ya kutogonga! Nimemwambia kila mtu wa mtaa huu. Mwenye duka sasa akiniona anasema "mama wa dereva bora," na mimi nageuka taratibu ili aseme tena.

Basi nikasema, kama ni picha tupu, hicho ni kitabu cha watu kama mimi. Nikatandika shuka sakafuni, nikavipanga vitofali kwa rangi kama ninavyopanga vifungo vya sare. Baba yako kanipa mgongo. Nikaunganisha fremu, nikaunganisha magurudumu, kila moja kubwa kama kisahani. Nikiweka kitofali vibaya anakohoa. Hageuki, anakohoa tu! Anasikia mlio wa plastiki anajua kimekaa au hakijakaa. Nikasema huyu mzee ana masikio ambayo mama yake kapoteza.

Sasa sikia. Wewe unajua mimi nguo naikata upande wa ndani. Unachora kwa ndani, ukigeuza ndipo mambo yanakaa mahali pake. Mkono wangu umezoea hivyo tangu ujana. Basi na zile picha nilizisoma hivyo hivyo, kwamba naonyeshwa upande wa ndani, nami nikageuza. Nikamaliza bodi, nikafunga mota, nikajaza vifungo kikombe kizima, nikawaita watu wangu waone. Nikabonyeza.

Bodi ikainuka kwa nyuma, Kishindo. Vifungo vyote vikamiminika mbele, juu ya kibanda cha dereva, tapa tapa tapa, mpaka kibanda kikazikwa.

Nikasikia sauti dirishani. Nikadhani kapaliwa. Nageuka, baba yako anacheka! Anacheka na machozi yanamtoka, anasema, "Mama Kishindo, umetengeneza tipa linalomwagia dereva wake! Mkimbize huyo maskini hospitali!" Bibi yako akauliza nani kalazwa. Akaambiwa, hakusikia, akaanza kuvaa kanga ya kutokea.

Baada ya hapo baba yako akashuka kitini mwenyewe. Akasema anakuja kufungua bodi tu, arudi kukaa. Hajarudi. Kafungua mpaka fremu. Anasema waliotengeneza wameweka ekseli nyembamba, na mota moja haiwezi kutembeza na kuinua kwa pamoja bila kuchoka. Kamtuma mdogo wako amtafutie mota nyingine. Nimemwambia kijitabu hakina mota nyingine. Akasema, "Kijitabu hakijui barabara."

Meza ya dirishani kaiomba kidogo kwa ajili ya kazi. Nimemwambia robo tu, cherehani chako kisiguswe.

Nawe je? Mbona hukusema kama unafunga mkanda? Tuma neno haraka.

Mama.

*

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimecheka kuhusu dereva.

Gari langu liko gereji kwa huduma ya kawaida. Kwa sasa nimewekwa barabarani kushika bendera, kuruhusu na kusimamisha magari. Kazi nyepesi. Kuna upepo.

Maji kambini yamekatika kwa muda kwa sababu ya bomba, kwa hiyo usishangae karatasi kuwa na alama za vidole.

Mkanda nafunga.

Msalimie baba. Bado anashughulika na lile lori, au amerudi dirishani?

Kishindo.

*

4 Aprili

Binti yangu Kishindo,

Salamu za wote, nawaacha kwa leo kwa ujumla maana nina habari, lakini fundi viatu kasema nisimchanganye na wote. Basi fundi viatu anakusalimu peke yake.

Barua yako ilikuwa fupi kama kitambaa cha sampuli. Nimeigeuza nyuma nikitafuta mengine. Unaumwa? Baba yako anauliza huduma gani ya kawaida inamshusha dereva akashike bendera. Anasema gari jipya linabadilishwa oili asubuhi na jioni liko kazini. Mimi nikamjibu magari ya siku hizi ni tofauti. Akasema, "Oili ni oili." Lakini sikuulizi mimi, ni yeye.

Umeuliza kama amerudi dirishani. Tangu alipoona lile neno lako anafanya kazi kama anasubiriwa na mteja. Kabadilisha ekseli zote. Kaweka mota ya pili, ya bodi peke yake. Ukuta wa nyuma wa bodi alikuta umegandishwa, kauwekea bawaba ili ufunguke wenyewe mzigo ukisukuma. Taa zinawaka. Kiti cha dereva nimekishona mimi, kwa kipande cha koti lako la shule, na dereva tumemkata kwenye mpini wa fagio. Ana kitambaa kichwani, kwa hiyo ni wewe.

Sasa habari yenyewe. Juzi baba yako kanipa rimoti nijaribu. Nilijaza vifungo, nikalipeleka mpaka mlangoni, nikamwaga vizuri, kifungo hata kimoja hakikubaki. Bibi yako akapiga makofi. Kusikia makofi, kichwa kikavimba, nikaligeuza lirudi mbio kwa baba yako. Sikukumbuka kushusha bodi! Likaja hivyo hivyo, bodi juu kama jogoo anayewika, likaingia chini ya meza ndogo ya chai. Bodi ikakamata kitambaa cha meza. Kitambaa kikaja na chupa ya chai, na chai ikaja mapajani kwa baba yako.

Aliruka, Kishindo, yule mtu wa mgongo mbovu, aliruka! Suruali inatoa moshi. Bibi yako akamlaumu paka. Mimi nasema pole huku nacheka, na lile lori limekwama pale, magurudumu yanazunguka tu, bodi juu.

Mama yako ndiye huyo. Niandikie mapema, na barua iwe na urefu.

Mama yako.

*

10 Aprili

Mama,

Baba aliungua? Umeandika kwa kicheko lakini hukusema kama aliungua. Niambie kweli.

Usiliendeshe tena bodi ikiwa juu. Najua ni la kuchezea. Ukimaliza kumwaga usiguse kitu kingine, shusha kwanza. Mtu akikupigia honi nyuma, akikutukana, akikuambia unachelewesha kazi, shusha kwanza. Tazama kioo cha kushoto, tazama cha kulia, ndipo uondoke. Usiseme nitaishusha nikiwa njiani. Kila mtu husema nitaishusha nikiwa njiani.

Ukiwa ndani huioni. Unaona barabara mbele yako ni nyeupe, unafikiri mambo yako sawa, kumbe umebeba ukuta mgongoni. Magari ya kweli yana king'ora kinacholia bodi ikiwa juu. Kikifa, fundi anasema atakuja kesho. Halafu dereva anazoea ukimya.

Kitambaa cha meza kilichanika?

Kishindo.

*

24 Aprili

Kwako Kishindo,

Salamu. Baba yako hakuungua. Alivimba paja kidogo, mdogo wako kampaka dawa, kapona. Kitambaa kimechanika, nimekishona, hakuna anayeona ila mimi.

Barua yako aliisoma baba yako mwenyewe. Kwa kawaida husema "nisomee wewe, miwani iko mbali." Safari hii alinyoosha mkono. Akaisoma amesimama. Akamaliza, akaanza tena juu. Akaikunja, akaniuliza, "Lile bomba la maji la kambini linapita juu au chini ya ardhi?"

Nikamwambia mimi nitajuaje.

Akasema, "Mwulize."

Basi nakuuliza. Si lazima ujibu.

Kesho yake akamwita paka, akamvua kengele anayovaa shingoni. Kaifunga kwenye lori, nyuma ya kibanda, pale bodi inapolala. Bodi ikiwa chini, inaikalia kengele, kimya. Bodi ikiinuka, kengele inaning'inia huru, na lori likitembea tu inapiga kelele kama imeibiwa. Hakuna waya wala betri. Anasema cha waya hukatika, cha betri huisha, lakini kitu kinachoning'inia kitaning'inia tu.

Nimekwenda nalo mlangoni, nikamwaga, nikajifanya nimesahau. Kengele ikalia. Nikasimama, Kishindo, mkono ulisimama kabla sijafikiri.

Bibi yako hakuisikia. Baba yako alimwangalia, akasema, "Basi haijatosha." Paka sasa anakamata ndege wote wa mtaa, lawama zinaletwa kwangu.

Nina neno langu moja. Kitanda chako kipo. Meza tumebanana, lakini cherehani kipo. Mwenye shule ya jirani ananiomba sare nyingi kuliko ninavyoweza kushona peke yangu. Nimelisema, nimelimaliza.

Usikawie.

Mama yako.

*

6 Mei

Mama, na Baba,

Shikamooni.

Bomba lilikuwa linapita juu, nami bodi sikuishusha. Sasa wamelifukia.

Hakuna aliyeumia. Lilianguka juu ya kibanda, nami nikiwa ndani. Kambi nzima haikuoga mpaka walipolitengeneza, na mpishi alikuwa analala kaweka masufuria yake kama ukuta kati yetu. Siku hizi ananisemesha.

Gari limeshatengenezwa. Msimamizi wa magari anasema mwisho wa mwezi nichague: nirudi kwenye gari, au niache. Wenzangu wananiita Bomba. Hawana ubaya, na mimi ningemwita mtu hivyo. Lakini nikipanda hata kulisogeza tu, naishusha bodi iliyo chini tayari, halafu naishusha tena, na nyuma yangu wanapiga honi.

Mama, nadhani nitakuja kushona. Mkanda nitaufungia kwenye basi. Lile lori lifungueni mlirudishe kwenye boksi, nisilikute mezani.

Kishindo.

*

19 Mei

Kwako binti yangu Kishindo,

Baba yako anakusalimu, na safari hii kasema kwa mdomo wake, "Msalimie." Bibi yako anakusalimu. Mdogo wako anakusalimu, anauliza kama kichwa kilipimwa siku ile, na mimi nauliza hivyo hivyo, na usiniambie sawa, niambie nani alikipima na akasema nini. Fundi viatu anakusalimu. Paka anakusalimu, tumemnunulia kengele nyingine, kaipoteza makusudi.

Mwanangu, nimekuwa nikiomba urudi tangu siku uliyopanda lile basi. Kila usiku, sikufichi. Nimesoma barua yako pale "nitakuja kushona," nikasubiri nifurahi. Nikasubiri. Nikaenda kumkatia mtu sare, nikakata mkono wa kushoto mara mbili, sare haina wa kulia. Ndipo nikajua sifurahi. Mtu haji nyumbani kwa kukimbia bomba. Atakaa pale mezani, kila lori likipita dirishani atainamisha kichwa, na mimi nitakuwa namtazama. Baba yako mmoja wa dirishani alinitosha.

Lakini kuna jambo, usinikasirikie, mimi nimeshakasirika kwa niaba yetu wote. Nilikwenda kwa mteja. Narudi, nakuta shuka ya cherehani chako iko sakafuni, na cherehani kimefunguliwa. Baba yako kautoa ule mguu unaokanyaga kitambaa, pamoja na springi yake. Nikapiga kelele. Nikamwambia hicho ni cha mwanao! Akasema, "Ndiyo, ni chake, ndiyo maana nampelekea." Akaendelea kupiga tupa.

Baadaye akaenda kabatini, akaishusha ile kengele ya gereji, ile ambayo hata vumbi nalifuta akiwa hayupo. Akaitoboa, Kishindo. Kengele yake ya kuagwa, akaitoboa kwa drili.

Dereva wa mafuta atakukabidhi kifurushi kizito. Baba yako anasema hivi, naandika kama anavyotamka: kibati chenye kengele kifungwe kwa boliti nne nyuma ya kibanda, pale bodi inapolala. Bodi ikiwa chini inaubonyeza ule mguu, mguu unaikanyaga kengele, hakuna mlio. Bodi ikiinuka, springi inauachia mguu, kengele iko huru. Gari la kweli linatikisika kuliko la plastiki, kwa hiyo italia mpaka watu wakuombe. Springi ipakwe grisi. Fundi wa huko akisema atakuja kesho, fungeni wenyewe.

Nikamwuliza, na injini ile kubwa, atasikia? Akaishika kengele, akaenda nyuma ya kiti cha bibi yako, akaitikisa mara moja tu.

Bibi yako akageuka. Akasema, "Nani yuko mlangoni?"

Baba yako akaifunga kwenye gunia huku anatabasamu.

Kwa hiyo hapa nyumbani mambo ni haya. Cherehani chako hakishoni tena. Meza yote ameichukua baba yako na lile tipa, halirudi kwenye boksi, sasa anaongeza gia. Ukija kwa likizo, kitanda kipo na chakula kipo. Ukija kushona, utakuta kazi hakuna. Naogopa kama nilivyoogopa jana, sijapunguza hata kidogo. Ila nikiogopa sasa, nitakuwa nasikiliza kitu.

Nijibu upesi, umpe dereva wa mafuta hata kama ameshawasha gari. Usihangaike na barua ndefu. Andika neno moja tu, kama kengele imeshalia.

Ni mimi mama yako.